Mti na Wazee Wake: Kaya, Kanisa na Imani ya Maumbile katika Historia ya Fasihi Yetu

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki yamezuka mazoea ambayo, kwa maoni yetu, yanastahili kuchunguzwa upya. Mhakiki akikutana na mti mtakatifu, mlima au mto katika riwaya, huwa mwepesi kuufasiri kama kimbilio la mtu aliyechoshwa na kanisa au msikiti. Kwa mtazamo huo, upande mmoja pana dini ya taasisi, yenye viongozi, ada, vitabu na adhabu. Upande wa pili pana maumbile, ambamo nafsi hukutana na Mungu wake bila msimamizi. Mhusika akitoka kanisani na kushika njia ya msituni, husemwa kwamba amekombolewa. Kila mwaka tunasahihisha tasnifu zinazojengwa juu ya msingi huu, na aghalabu huwa hazielezi msingi wenyewe ulitoka wapi.

Makala haya yananuia kuihoji fasiri hiyo kwa kurejea historia. Hoja yetu kuu ni kwamba mgawanyiko huu wa maumbile na taasisi una kwao, nako si kwetu. Hapa kwetu msitu mtakatifu ulikuwa wenyewe ni taasisi: ulikuwa na wazee, viapo, miiko na faini. Aliyekwenda kusali humo hakuwa akiikimbia jamii yake. Alikuwa akiingia katika kiini chake. Mti usio na wazee, ule ambao mtu huuendea peke yake kutafuta utulivu wa roho, ni jambo jipya katika historia yetu, na kwa kiasi kikubwa limezaliwa na kuvunjika kwa mapokeo badala ya kurithiwa kutoka kwayo. Hatusemi kwamba jambo jipya ni baya. Tunasema tu kwamba mhakiki hana budi kuliita kwa jina lake.

Chimbuko la wazo

Wazo la kumwendea Mungu kupitia maumbile, kanisa likiwa limeachwa nyuma, lilipata sura yake maarufu Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 18 na katika karne ya 19. Wanafunzi wetu huliita Ulimbwende na kulipita haraka. Wordsworth alipotunga shairi lake mashuhuri la mwaka 1798 karibu na Tintern Abbey, aliliweka jina la magofu ya makao hayo ya watawa katika kichwa cha shairi, lakini katika shairi lenyewe magofu hayaonekani. Kilichopo ni mto, miti na nafsi ya mtunzi. Mtunzi huyohuyo, hata hivyo, alichapisha mwaka 1822 mfululizo wa soneti za kuisimulia historia ya kanisa la Uingereza. Hata kwao, basi, safari ya kutoka hekaluni haikuwa ya njia moja.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Ralph Waldo Emerson. Mwaka 1832 alijiuzulu uchungaji mjini Boston kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu kuendelea kuiongoza ibada ya Meza ya Bwana. Mwaka 1836 alichapisha kitabu chake juu ya maumbile, na mwaka 1838 aliwahutubia wahitimu wa theolojia wa Harvard kwa maneno yaliyowaudhi wakubwa wa chuo hicho kiasi kwamba ilipita miaka karibu 30 kabla ya kualikwa tena. Rafiki yake Henry David Thoreau, ambaye alikataa kulipa kodi ya kanisa, aliishi katika kibanda kando ya bwawa la Walden kuanzia mwaka 1845 hadi 1847, na kitabu chake kikatoka mwaka 1854.

Tunaiheshimu mihanga ya watu hawa. Hata hivyo, ni vyema kutazama mambo mawili yaliyowawezesha. Kwanza, kanisa lao lilikuwa taasisi iliyotengana na ardhi: mtu angeweza kulihama na bado akabaki na shamba, jirani na jina lake. Pili, msitu walioukimbilia ulikuwa tayari umefanywa mtupu. Kibanda cha Thoreau kilijengwa katika ardhi ya Emerson. Ruhusa aliyoihitaji ilikuwa ya rafiki yake mwenye hati. Hapakuwa na mzee wa kumwuliza yeye ni wa ukoo gani, wala ni mwiko upi aliokuwa akiuvunja kwa kukata miti ya kujengea, kwa maana wale ambao wangeweza kuuliza swali hilo walikuwa wamekwisha kuondoshwa vizazi vingi kabla. Upweke wa msituni nao una historia yake. Mahali ambapo mtu mmoja anajikuta peke yake na Mungu, yafaa tuulize ni nani waliokuwapo hapo awali.

Kaya: neno na jambo

Tukigeukia pwani ya Kenya, tunakutana na misitu ya kaya za Wamijikenda: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Mapokeo yao yanasimulia kwamba walihama kutoka Shungwaya, kaskazini. Thomas Spear alijenga historia yake ya mwaka 1978 juu ya mapokeo hayo, na wanahistoria waliomfuata wamejadiliana naye kuhusu kiasi cha kuyaamini kama habari ya tukio. Mjadala huo hatuhitaji kuuamua hapa. Kinachotuhusu ni muundo wa kaya yenyewe.

Tuanze na neno. Katika lugha za Wamijikenda kaya ni makao, ni nyumbani. Kiswahili sanifu kimelichukua neno hili na kulitumia kwa maana ya watu wa nyumba moja. Karani wa sensa anapobisha hodi, huhesabu kaya. Kwa hiyo neno ambalo mgeni hulisikia na kuona miti, mwenyeji hulisikia na kuona watu. Kaya ilikuwa mji uliozungushiwa msitu, wenye njia nyembamba na malango, fingo lililozikwa ardhini kuulinda, na mahali pa baraza ambapo wazee wa kambi waliketi kuamua kesi, kuombea mvua na kupatanisha koo. Msitu ulikuwa ukuta wa mji huo kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ulilindwa kwa miiko: usikate mti, usilishe mifugo, usipite pasipo njia. Aliyevunja mwiko alitoa mnyama wa kafara, na alimtoa mbele ya watu.

Mulungu aliombwa humo, na koma za wahenga zikakumbukwa. Lakini aliombwa kwa utaratibu, na utaratibu huo haukuwa wa usawa. Ushahidi mzuri ni mwanza, ngoma ya siri ya wazee, ambayo sauti yake iliposikika wanawake na wote wasiopasishwa rika walipaswa kujificha. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846, aliandika juu ya mwanza kwa karaha kubwa. Sisi tumezoea kuisoma karaha yake kama dharau ya mmisionari kwa imani ya wenyeji, na dharau ilikuwamo. Lakini yamkini Krapf aliona jambo ambalo baadhi ya wanaomlaumu hawalioni. Alitambua kwamba hakukabiliana na watu wanaostaajabia miti. Alikabiliana na baraza lenye mamlaka, lenye siri zake, lenye uwezo wa kuruhusu na kukataza. Taasisi moja ilikuwa imeingia katika eneo la taasisi nyingine.

Baruti ya mwaka 1914

Ikiwa bado pana shaka juu ya hoja hii, tukio la Kaya Fungo linaiondoa. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilitaka kodi na vibarua kutoka kwa Wagiriama. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alizunguka vijijini akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ambayo ni ya maombolezo, kisha akawaita kayani. Hapo viapo vikaliwa: mukushekushe cha wanawake na fisi cha wanaume, kwamba hapana atakayeshirikiana na serikali. Mekatilili na mzee Wanje wa Mwadori walikamatwa mwaka huohuo na kuhamishiwa Kisii, mamia ya kilomita kutoka kwao. Mwaka uliofuata walitoroka wakarejea kwa miguu. Mnamo Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti.

Mandhari hailipuliwi kwa baruti. Kinacholipuliwa ni bunge, mahakama, au hekalu lenye uwezo wa kufunga na kufungua ndimi za watu. Afisa wa kikoloni aliyetoa amri hiyo hakuwa mhakiki wa fasihi, lakini katika jambo hili moja aliisoma kaya sawasawa kuliko wengi wetu. Alijua kwamba nguvu iliyokuwa humo ilikuwa ya watu waliofungamana kwa kiapo, na kwamba miti ilikuwa shahidi wao.

Pana jambo la pili katika tukio hili ambalo ni la thamani kwa mada yetu. Kufikia wakati huo Wagiriama wengi walikuwa wameacha kuishi kayani. Biashara na kilimo vilikuwa vimewatawanya tangu karne iliyotangulia, na mamlaka ya wazee yalikuwa yamelegea. Mekatilili hakuwa akiilinda hali iliyokuwapo, alikuwa akiifufua. Isitoshe, alikuwa mwanamke, na taasisi aliyoifufua ndiyo iliyowaficha wanawake mwanza ulipolia. Hakutoka nje yake ili kuihoji. Aliingia katikati yake na kusema. Huku ndiko kuhoji dini ya taasisi kunakopatikana katika historia yetu: mara nyingi hutokea ndani, kwa sauti ya mtu ambaye utaratibu haukumpangia zamu ya kusema.

Kabonyi na mto Honia

Kutoka pwani tupande hadi nchi ya Agikuyu, kwa kuwa huko ndiko fasihi yetu ilikoliweka swali hili waziwazi. Mgogoro wa mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana uliwatoa maelfu ya waumini katika makanisa ya kimisheni. Walikwenda wapi? Hawakwenda kukaa peke yao chini ya mugumo. Walianzisha shule huru na makanisa huru, yenye makasisi, kamati na michango. Waliikataa taasisi moja wakajenga nyingine, na wakajua walichokuwa wakifanya.

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between, iliyotoka mwaka 1965 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Njia Panda, imejengwa juu ya mgogoro huo. Ndiyo riwaya inayotajwa zaidi na wanaotafuta imani ya maumbile katika fasihi yetu, nasi twaelewa kwa nini. Matuta mawili, Kameno na Makuyu, yanatazamana kwa uhasama, na kati yake unapita mto Honia ambao hauna upande. Chege anampeleka mwanawe Waiyaki hadi penye mti mtakatifu, na kijana anaiona nchi yote imetandazwa mbele yake. Ni rahisi kusema kwamba hapa ndipo penye dini ya kweli, na kwamba Joshua, mhubiri wa Makuyu, ndiye mwenye dini ya uongo.

Lakini riwaya haikubali usahili huo. Tazama kile Waiyaki anachokipewa penye mti. Hapewi utulivu wa nafsi. Anapewa utabiri, ukoo na wajibu, na wajibu wenyewe ni kwenda misheni kujifunza siri za wazungu. Mti unamtuma shuleni. Tazama pia Kabonyi. Huyu ameliacha kanisa la Joshua, na kwa mujibu wa fasiri tunayoihoji alipaswa kuwa mtu huru. Badala yake anakuwa nguzo ya Kiama, baraza linalolinda usafi wa kabila kwa viapo na hukumu. Kabonyi amehama kanisa bila kuhama mhubiri aliyemo ndani yake. Muthoni naye, binti yake Joshua, anakufa kwa kutaka vyote viwili, Ukristo wake na jando la mama zake. Hakuna upande unaomruhusu. Mwishoni Waiyaki na Nyambura wanakabidhiwa Kiama ili wahukumiwe, watu wanarudi makwao kwa aibu, na mto unaendelea kutiririka.

Kutiririka huko kwa mto kumesomwa kama faraja. Sisi twakusoma kama swali. Honia hauna upande kwa sababu hauna mzee; na kwa kuwa hauna mzee, hauwezi kumwokoa mtu yeyote. Uzuri wake ni wa kweli na hautoshi.

Ngũgĩ mwenyewe alidumu na swali hilo. Mnamo Machi 1970, alipoalikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alitamka wazi mbele ya wenyeji wake kwamba yeye si Mkristo, na baadaye akaliacha jina lake la ubatizo. Hata hivyo, hotuba hiyo haikuwaambia wasikilizaji watoke kanisani waende msituni. Ililitaka kanisa lirudi kwenye mizizi ya watu wake. Alikuwa akiidai taasisi ibadilike.

Sauti ya mtu mmoja

Hapana budi tukubali kwamba ipo katika fasihi ya Kiswahili sauti inayokaribia ile ya Emerson, na haki inatutaka tuitaje. Utubora wa Shaaban Robert anaiacha kazi ya mjini na kujitafutia utu shambani. Lakini Utubora haigombi dini; anachokikimbia ni fedha. Ilikuwa kazi ya Euphrase Kezilahabi, katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, kumtoa mtu mmoja njiani akiwa na maswali tu, bila kanisa na bila kaya. Wahakiki wengi walizishangaa riwaya hizo fupi, wakaziona ngumu. Huenda ugumu wake hautokani na mbinu peke yake. Unatokana pia na upweke wa mhusika, ambao haukuwa na mfano katika mapokeo tuliyoyazoea. Mtu huyu akifika penye mti, hapana mzee wa kumpokea, na yeye mwenyewe anajua kwamba hapana. Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, hakujifanya kwamba upweke huo ni urithi wa mababu. Aliuonyesha kama hali ya wakati wetu, na katika hilo alikuwa mkweli kuliko baadhi ya waliomhakiki.

Miti iliyookolewa

Suala hili si la vitabuni tu. Mwaka 2008 UNESCO iliziorodhesha kaya kadhaa, zilizotawanyika katika umbali wa kilomita 200 hivi za pwani, kuwa Urithi wa Dunia. Ziliorodheshwa kama urithi wa utamaduni, si wa maumbile. Walioandika walitambua kwamba misitu hiyo ni kazi ya watu. Mwaka uliofuata, 2009, mila na desturi za kaya hizohizo ziliingizwa katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa haraka. Msomaji na azitafakari orodha hizo mbili pamoja. Miti imekuwa hazina ya dunia, ilhali sala inayoifanya mitakatifu iko hatarini kutoweka. Katika Kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao, kama inavyoelezwa na wengi, kwa tamaa ya ardhi yao. Tunaweza kufika siku ambapo mgeni ataingia kayani akiwa amefungwa shuka nyeusi kama ipasavyo, akaguswa moyo na kimya cha mahali pale, asijue kwamba kimya hicho ni cha watu wasiokuwapo tena.

Na katika kaunti hiyohiyo, mwaka 2023, msitu wa Shakahola ulifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wafuasi wa mhubiri anayeshtakiwa kwamba aliwashawishi wafunge hadi kufa. Watu hao walikuwa wameziacha shule, hospitali na makanisa yaliyozoeleka, wakaingia porini kumsubiri Mungu. Hatulitaji jambo hili ili kuwatisha wanaotafuta Mungu nje ya madhehebu. Wengi wao ni watu wa dhamiri, na madhehebu yamewapa sababu za kutosha. Twalitaja kwa kuwa linaonyesha bila huruma kwamba msitu kwa nafsi yake hautakasi wala hauongopi. Palipokosekana mtu wa kumwambia kiongozi basi, msitu ulikuwa maficho tu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika historia yetu swali halikuwa kuchagua baina ya taasisi na maumbile. Kanisa la Rabai na kaya ya Rabai zilikuwa taasisi mbili. Joshua na Kabonyi walikuwa mapadri wawili wasio na kanzu. Swali lilikuwa, na bado ni, la uwajibikaji: nani analinda mahali patakatifu, nani anakatazwa kuingia, na je, aliyekatazwa anaweza kusema na akasikilizwa? Mekatilili alisema akasikilizwa, ndiyo maana serikali ilileta baruti. Muthoni alisema hakusikilizwa, ndiyo maana alikufa.

Twapendekeza, basi, kwamba mwanafunzi anapokutana na mti katika riwaya asikimbilie kuushangilia. Aulize wazee wake wako wapi. Ikiwa wapo, achunguze mamlaka yao kwa ukali uleule anaouelekeza kwa askofu au kadhi. Na ikiwa hawapo, asiyaite mapokeo yale ambayo ni maombolezo. Upo utakatifu katika maombolezo pia. Waliocheza kifudu walilijua hilo. Lakini anayeomboleza hujua amempoteza nani.